Ana cheti, mbona wanasema hana sifa?

Mwaka ukianza, matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, steshenari yangu hapa Gungu, Kigoma, hugeuka kama dirisha la maabara. Watu hawaji kutoa kopi tu. Wanakuja na bahasha za kaki zilizokunjwa mara mbili, wanazifungua taratibu juu ya meza, halafu wananitazama usoni wasomewe majibu. Wananiita mwalimu, ingawa sijawahi kushika chaki. Nadhani ni miwani.

Mama mmoja muuza mawese alikuja siku hiyo na bahasha ya familia nzima. Ndani yake mlikuwa na leaving ya darasa la saba ya mumewe, kadi ya kliniki ya mtoto wa mwisho, karatasi ya TASAF, ule mfuko wa kaya maskini, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha kijana wake mkubwa, na cheti chake cha kidato cha nne. Akakichomoa kile cha mwisho, akakinyoosha kwa kiganja.

"Mwalimu, huyu kamaliza fomu foo, cheti hiki hapa. Tumeomba chuo, wanasema hana sifa. Tumeomba tena, hana sifa. Au wanataka hela?"

Hawakutaka hela. Walisema kweli, ila hakuna aliyemweleza maana yake. Tulikaa karibu saa nzima, na wateja wa kopi wakahamia duka la pili.

Mtaani kwetu tuna maneno manne tunayoyatumia kana kwamba ni neno moja: kumaliza, kufaulu, cheti na sifa. Kumaliza ni kufika mwisho wa madarasa, na karatasi yake ni ile leaving anayoisaini mkuu wa shule: inasema mtoto alikuwepo, aliingia mwaka fulani, akatoka mwaka fulani, tabia yake ni njema. Hata aliyepata sifuri anaweza kuwa na leaving safi kabisa. Kufaulu ni jambo la Baraza la Mitihani, NECTA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na cheti chake ndicho kinachobeba alama. Sifa ni jambo la tatu, na mwenye kauli hapo si shule wala NECTA. Ni yule anayekupokea: chuo, mwajiri, jeshi, halmashauri. Yeye ndiye anayesema nataka masomo haya, kwa alama hizi. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa amemaliza, amefaulu, cheti kiko mkononi, na bado akakosa sifa ya mlango aliougonga.

Kwenye cheti cha kijana palikuwa na daraja la nne, pointi 29. Mama alikuwa ameshaambiwa na jirani kwamba 29 si mbaya, maana mtoto wa jirani huyo ana 31 na yuko chuo. Hapo ndipo alipokuwa anaona uonevu. Ikabidi nichukue kalamu.

Hesabu yenyewe ni hii. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Yanachukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, zinajumlishwa. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na 34 au 35 ni sifuri. Kadiri namba inavyopungua ndivyo inavyopendeza, jambo linalowachanganya wazazi wengi waliozoea kwamba kingi ndicho kizuri.

Kijana alikuwa na C ya Kiswahili, C ya Elimu ya Dini ya Kiislamu, D ya Uraia, D ya Historia. Mengine yote F. Tatu na tatu, nne na nne, na F tatu za kujazia saba: 29. Mtoto wa jirani alikuwa na D nne, za Kiswahili, Uraia, Historia na Jiografia, na F zilizobaki: 31. Kwa pointi, wetu kamshinda. Lakini vyuo vinavyosimamiwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, vinapompokea mtu wa kidato cha nne kwenye ngazi ya kwanza ya cheti, havisomi pointi. Vinahesabu masomo aliyofaulu, yaani kuanzia D, na kima cha chini ni manne, somo la dini halihesabiki. Mtoto wa jirani anayo manne. Huyu wetu, ukiiondoa dini, anabaki na matatu.

Mama alinyamaza kidogo, akarudi kwenye karatasi, akahesabu mwenyewe kwa kidole. "Kwa hiyo alipungukiwa na D moja?"

D moja, naam. Na D inaanzia alama 30 katika mia.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu, na ninaona ndilo fundo lenyewe. Tunaposema familia za kipato cha chini huku pembezoni hazina elimu, tunasema uongo wa nusu. Ingia nyumba yoyote kati ya Buzebazeba na Businde uulize, utakuta miaka mingi ya madarasa imelala humo: saba ya baba, saba ya mama, kumi na mmoja ya huyu, tisa ya yule aliyeacha. Ukijumlisha inapita ya mhadhiri. Kinachokosekana ni ile hatua ndogo ya mwisho inayoigeuza miaka kuwa sifa, na mara nyingi hatua hiyo ina ukubwa wa somo moja.

Kwa nini somo hilo moja linaponyoka? Ada si sababu tena, angalau si ile iliyoandikwa. Ada ya msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015, ikafutwa hadi kidato cha nne. Shule ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Mwaka 2022 ikaondolewa na ya kidato cha tano na sita. Kabla ya hapo, kuanzia 2004, zilikuja shule za kata, zile tulizozibeza kwa jina la yeboyebo kama kandambili za plastiki. Tuzibeze tutakavyo, bila hizo kijana wa muuza mawese asingeiona sekondari, maana wakati wa baba yake nafasi zilikuwa za kuhesabu.

Lakini ada ikiondoka hubaki sare, daftari, hela ya chakula cha mchana, hela ya mitihani ya majaribio, tuisheni, na nauli kama shule iko ng'ambo ya mji. Hizi haziji kwa mwaka, zinakuja Jumatatu. Na kipato cha nyumba hizi hakina Jumatatu. Kinafuata ziwa na miti. Dagaa hawavuliwi mbalamwezi ikiwa kali, kwa hiyo kila mwezi pana siku mwalo wa Kibirizi umepoa na mfuko wa kila mtu umepoa nao. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, lipumzike samaki wazaane. Sipingi, ziwa linahitaji kupumzika. Nasema tu kwamba shule zilifunguliwa Julai kama kawaida.

Halafu pana lugha. Hili wenzangu hulipita haraka, mimi siwezi. Mtoto husoma miaka saba kwa Kiswahili, na nyumbani labda kwa Kiha, kisha Januari moja anaamka asubuhi na Baiolojia, Jiografia na Historia zimegeuka Kiingereza. Mtoto wa mtumishi mwenye runinga, vitabu na shangazi Dar es Salaam anayumba mwaka mmoja, anasimama. Wa kwetu anayumba minne. Ukitazama vyeti vya daraja la nne vinavyopita mezani kwangu, utaona mara kwa mara mchoro uleule: C ya Kiswahili imesimama peke yake kama mnazi shambani, na chini yake masomo yanayoulizwa kwa Kiingereza yameanguka. Ukiniuliza mimi, F ya Jiografia kwenye cheti kama hicho mara nyingi ni F ya pili ya Kiingereza.

Mama akaniuliza kuhusu mumewe. Ni fundi mwashi, leaving yake ni ya darasa la saba, na kila akisikia kazi ya ujenzi yenye mkataba anaambiwa alete cheti. "Zamani darasa la saba alikuwa mtu," akasema.

Alikuwa mtu kweli. Babu zake walikwenda mashamba ya mkonge kule Tanga wakiwa na kipande tu, kadi ya kuhesabia siku za kazi, na hakuna aliyewauliza kusoma. Baadaye, chini ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, darasa la saba lilipangwa liwe elimu kamili ya mwananchi wa kawaida, siyo ngazi ya kupandia kwenda juu. Azimio la Musoma la 1974 likataka kila mtoto aipate. Kwa hiyo karatasi ya baba huyu ilipotolewa, ilikuwa imetimiza kazi yake. Haikupungua neno hata moja tangu siku hiyo. Kilichosogea ni mlango.

Ulisogea kwa tarehe inayojulikana. Kuanzia Mei 20, 2004, Serikali iliweka kidato cha nne kuwa kima cha chini cha kuajiriwa serikalini. Wengi hawakulisikia hilo hadi 2017, uhakiki wa vyeti ulipofanyika. Mwezi Aprili mwaka huo Rais Magufuli alikabidhiwa Dodoma orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na katika msukosuko huohuo wakaondolewa pia watumishi wa darasa la saba ambao hawakughushi chochote. Mwaka uliofuata Serikali ikaagiza walioajiriwa kabla ya Mei 20, 2004 warudishwe kazini. Mtaani mambo hayo mawili yalichanganywa, na mpaka leo wapo wanaoamini darasa la saba ni kosa.

(Niseme la pembeni. Mtendaji wa mtaa lazima awe na kidato cha nne na mafunzo juu yake. Mbunge, kwa Katiba yetu ibara ya 67, anatakiwa kujua kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Basi.)

Mlango unaendelea kusogea. Katika Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, elimu ya lazima ni miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Baada ya hapo "darasa la saba" litakuwa neno la wazee, kama tunavyosema leo "middle school" ya enzi za mkoloni.

Kwa baba fundi, lakini, ipo njia ambayo hapa Kigoma haijulikani kama inavyostahili. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hufanya urasimishaji wa ujuzi: fundi aliyejifunzia kazini, kwa kubeba zege na kumtazama mwenzake, anapimwa kwa vitendo, anaonyeshwa pale alipopungukiwa, akifuzu anapewa cheti kinachotambulika. Haulizwi kidato. Ukuta wake ndio mtihani. Nimeona mafundi wakicheka nikiwaambia, wakidhani ni utapeli wa kulipia fomu. Wanacheka kwa sababu maisha yao yote cheti kimekuwa kitu cha kusomea, hawajawahi kusikia kinachotolewa kwa unachokijua tayari.

Na mama mwenyewe? Alisema kwa haraka, kama mtu anayetaja deni dogo, kwamba aliacha darasa la tano. Baadaye akasoma kisomo cha watu wazima, ngumbaru, anajua kusoma na kuhesabu. Na kuhesabu nilishakuona. Kwa watoto waliokosa shule upo mpango wa MEMKWA. Kwa aliyemaliza msingi akakosa sekondari upo Mtihani wa Maarifa, QT, unaokuruhusu baadaye kufanya mtihani wa kidato cha nne ukiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina utaratibu wa kuimaliza sekondari kwa miaka miwili badala ya minne. Binti aliyekatishwa na mimba, aliyekuwa anafungiwa mlango wa shule moja kwa moja, anaweza kurudi tangu Novemba 2021, kwa waraka uliotangazwa na Profesa Joyce Ndalichako, wakati huo Waziri wa Elimu na mbunge wa huku kwetu, Kasulu. Kurudi kwenyewe kunahitaji mtu wa kubaki na mtoto, na hapo waraka hauna msaada, bibi anao.

Sasa jina. Katika bahasha ile, kijana kwenye cheti cha kuzaliwa ana majina mawili, kwenye cha kidato cha nne ana matatu, na kwenye kitambulisho cha NIDA herufi moja imegeuka. Mama hakuona shida, wote ni mtoto wake. Mfumo wa maombi unaona watu watatu. Hili ni janga la nyumba za hali ya chini kuliko za wengine, kwa sababu majina yetu huandikwa na watu wengine: mjomba aliyempeleka shule, karani aliyeandika alivyosikia, mwalimu aliyeongeza la ukoo. Zamani pia mtoto aliyefeli darasa la saba alirudishwa darasa kwa jina la mtoro, akasoma nalo hadi mwisho, na leo ni mtu mzima mwenye cheti halali cha mtu asiyekuwepo. Namba ya PREM, inayomfuata mwanafunzi tangu msingi, imeupunguza mchezo huo. Kwa tofauti ndogo kiapo mbele ya wakili hutosha mahali pengi. Kwa kubwa unahitaji hati ya kubadili jina. Huku mpakani mwa Burundi na Kongo, ambako swali la uraia huwa karibu na ulimi wa kila ofisa, afadhali kulirekebisha jina kabla ya kuomba chochote.

Nimalizie na namna nyumba kama hii inavyohesabiwa, kwa kuwa hesabu hiyo hurudi kuwa mipango. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, kama shilingi 1,640 kwa siku, na nchi nzima asilimia 26.4 walikuwa chini yake. Tafiti za namna hii hupenda kuulinganisha umaskini na elimu ya mkuu wa kaya. Kwa muuza mawese mkuu wa kaya ni mume, darasa la saba. Nyumba ya pili ni bibi asiyesoma, lakini ndani yake yupo mjukuu mwenye stashahada anayeendesha bodaboda pale stendi ya Masanga. Kwenye jedwali nyumba ya bibi ni "haijasoma", na bodaboda yule hayumo. Nyumba ya kwanza ni "elimu ya msingi", na zile D mbili na C mbili za kijana hazimo. Sisemi takwimu zinadanganya. Zinauliza swali moja, na sisi tuna tabia ya kuzisoma kana kwamba zimeuliza yote.

Tulirudi kwa kijana. Nilimwonyesha mama njia mbili. Ya kwanza ni kurisiti: usajili wa watahiniwa wa kujitegemea huwa mwanzoni mwa mwaka, mtihani Novemba. Si lazima arudie yote. Achague somo moja au mawili, apate D, kisha aombe chuo kwa vyeti viwili kwa pamoja. Ya pili ni VETA, fani ndefu, ambako daraja hilo halimzuii, apande ngazi za ufundi stadi, na zipo kozi za kiufundi zinazompokea mwenye ngazi ya tatu hata kama kidato cha nne chake kimepungua. Nilimwambia pia kwamba afya anayoitamani, uuguzi, inataka masomo ya sayansi, na hapo D moja ya Jiografia haitafua dafu. Hilo hakulipenda. Alikuwa ameshamwona mwanawe na koti jeupe.

"Baiolojia anaiweza?" nikauliza.

"Anaisoma sana usiku. Hajui wanauliza nini tu."

Akarudisha karatasi moja moja kwenye bahasha, cheti katikati, kadi ya kliniki juu. Akafungua pindo la kanga kutafuta mia mbili ya kopi. Kisha akasita, akaichomoa tena ile leaving ya mumewe, rangi ya chai, pembe moja imeliwa na panya.

"Na hii nitolee. Mbili. Kesho nampeleka huko VETA."

"Atakubali kwenda?"

"Atakubali," akasema. "Sitamwambia tunakwenda wapi."